Dagaa wa Mama na Bahari ya Tanga

Wenzangu mliokulia Kirumba enzi zetu mtanishuhudia: ziwa letu lilikuwa na adabu. Ulipoliacha asubuhi ndipo ulipolikuta jioni. Tulicheza rede hatua chache kutoka majini, tukafua sare na kuzitandaza mawe­ni, tukaenda zetu kutafuna miwa. Nani alinde nguo? Mwalimu wa jiografia alituimbisha "kupwa na kujaa", tukaimba, tukafaulu, tukasahau.

Basi dada yangu akachumbiwa na baharia wa Tanga. Mama akaenda kuwaona wakwe, nami nikabebwa. Zawadi ilikuwa gunia la dagaa wa Mwaloni, soko letu la ufukweni wanakoanikwa mchangani, aliowachambua mwenyewe hadi mgongo ukamuuma. "Siwezi kuingia kwa wakwe mikono mitupu," alisema. "Watasema wamemchumbia mtoto wa watu gani?"

Njiani mvua ikapenya kwenye buti la basi, gunia likalowa. Kesho yake, kwenye saa nne asubuhi, Mama akanivuta kimyakimya hadi ufukweni. Loo! Mchanga mtupu, mpana kuliko uwanja wa mpira, maji yako kule mbali. Mama akajiona yuko Mwaloni. Tukaanika dagaa wote, tukarudi, tukashinda nyumbani hadi chai ya alasiri.

Nilikuwa kwenye kitumbua cha pili wakati mama wa bwana harusi, Bi Zuhura, alipouliza asubuhi tulikwenda wapi.

"Kuanika zawadi yenu pale mchangani," Mama akajibu kwa maringo.

Bi Zuhura akaweka kikombe chini. "Mchangani wapi, dada? Leo bamvua, maji yanajaa mpaka kwenye minazi!"

Tulikimbia. Mama yangu wee! Uwanja haukuwapo. Dagaa wanaelea, kunguru wanasherehekea. Mama akakaa chini, akalia kweli. "Nimemwaibisha mwanangu."

Bi Zuhura hata pole hakusema. Alijifunga khanga kiunoni, akanyakua ungo, akaingia majini mpaka kifuani. "Njoo basi, usiniachie peke yangu! Dagaa wetu hawa!" Mama akafuta machozi, akamfuata. Walitoka na bakuli moja la dagaa, wameloa chapachapa, wanacheka hadi wanashikana wasianguke. Usiku tuliwala kwa nazi, na chumvi hatukuongeza.

Shemeji alitueleza kuwa ziko nchi ambako maji hupanda kupita paa la nyumba, na bahari nyingine ambazo kujaa kwake hakufiki hata magotini. "Nyie wa ziwani mmedekezwa," akatutania. Kuanzia siku ile Mama na Bi Zuhura waliitana dada, na mmoja akiugua, mwenzake alipanda basi.

Wanangu siku hizi hutazama saa za kujaa maji kwenye simu kabla hawajavua viatu. Wajanja hao, hawaloi kamwe! Na wakwe wanafahamiana kwenye kundi la WhatsApp.

Juzi binti yangu kachumbiwa. Nikawatumia wakwe dagaa kwa basi, wakavu, wamefungwa vizuri, wakafika salama. Mama mkwe wake akanijibu kwa picha ya kidole gumba. Nilikaa na simu mkononi, nikatamani bahari ingewachukua wale dagaa, mimi na yeye tukawafuata na ungo.