Fundi Aliyeikataa Jumapili

Fundi wa kompyuta wa depo ya dawa pale Kamina hakuwa mtu wa kukaa. Hata mipango aliipanga akitembea, simu mkononi, kutoka dirisha hadi dirisha, akitafuta mahali mtandao unaposhika, huku vidole vyake vyembamba vikiizungusha pete bila kuchoka. Alizungumza chini chini, kama mwanakwaya aliyezoea kukanywa asiwafunike wenzake. Mpango wenyewe ulikuwa wake: programu zote za depo zitoke kwenye kompyuta kuukuu ya chumba cha nyuma, inayozimika kila umeme unapokatika, zihamie kwenye wingu, yaani kompyuta za mbali zinazofikiwa kwa mtandao. Zote kwa pamoja, Jumapili.

Siku ya kikao, wakubwa walipokwisha kuukubali mpango, roho ilikataa kumtulia. Akatoka barazani, akampigia Noémie, muuguzi wa zahanati ya mbali ya Malemba-Nkulu inayopata dawa kutoka depo, amwombe ajaribu kuagiza dawa kwa njia mpya ya wingu.

“Inazunguka tu, maman,” Noémie alisema. “Naiacha. Iko mama anazaa hapa.” Akakata simu.

Fundi alirudi ndani. “Programu za mishahara na hesabu ziende winguni. Ya dawa ibakie hapa kwanza; kule Malemba-Nkulu mtandao haushiki.”

“Lakini weye njo ulituambia zote!” mkurugenzi alimaka.

“Njo minyi, directeur,” alikiri kuwa ndiye yeye. “Na minyi njo nakatala.” Safari hii hata waliokaa nyuma walimsikia. Akalifuta neno Jumapili ubaoni kwa kiganja, akaanza kupanga upya, kuanzia Malemba-Nkulu.