Kina cha Mto Katika Programu ya Baba

Baba alikuja Kindu kutoka Katanga, mtumishi wa bandari ya mto. Kila asubuhi alisoma ubao wa namba uliosimikwa majini, kisha akaongeza mita mbili na robo tatu, kina kilichobaki chini ya ubao, ili wenye mitumbwi wajue kama njia ya Lokandu inapitika. Chuoni alikuwa amejifunza Fortran, lugha ya kuiandikia kompyuta hesabu. Vita ilipofika, treni ikasimama na shule yetu ikafungwa, akaniketisha barazani kunifundisha. Kompyuta hatukuwa nayo. Aliandika programu nzima kwa kalamu, nyuma ya fomu za zamani za treni, na majina akayaweka kwa Kiswahili ili nielewe: SOMO, KINA, UREFU.

Siku moja, kwenye kizuizi cha bandari, askari alimnyang'anya zile karatasi, akidhani ni siri za adui kwa lugha ngeni. Akamwamuru azisome kwa sauti. Baba akasoma, SOMO, KINA, UREFU, askari akasikiliza.

"Hii njo Kiswahili," askari alisema mwishowe, akamrudishia.

Baba alifika nyumbani amelowa jasho, na siku hiyo hatukusoma kitu.

Mwaka huu, macho ya baba yakiwa yamepungua nguvu, niliichapa programu ile kwenye kompyuta yangu. Kompaila, ile inayogeuza maandishi yetu kuwa kazi ya mashine, ilitoa onyo kwamba thamani ya KINA imebadilika. Kwa kuwa lilikuwa onyo tu, si kosa, nililipuuza, na programu ikaenda. Lakini kila jibu lilipungukiwa robo tatu ya mita kuliko hesabu alizofanya baba kwa mkono katika daftari zake. Nilipata hofu kwamba alikuwa amekosea miaka yote ile, na watu walipita mtoni kwa kumwamini. Siku mbili sikumwambia. Siku ya tatu aliuliza programu inaendaje, akataka nimsomee kilichoandikwa na kompaila.

"Baba, inasema mbili na robo tatu imekuwa mbili."

Alifikiri kidogo, kisha akacheka mpaka akakohoa. Alinieleza kwamba katika Fortran, jina ambalo hukulitangazia aina, likianza na herufi kati ya I na N, huhesabiwa kuwa la namba nzima. KINA inaanza na K, basi robo tatu ikakatwa.

"Daftari iko sawa," alisema. "Kwa mukono sikukata kitu. Na karatasi haikunionya."

Nilipendekeza tubadilishe jina. Alikataa: jina lile, alisema, lilimrudisha nyumbani akiwa hai siku ya kizuizi. Basi nikaongeza mstari mmoja juu yake, REAL KINA, kuitangaza kuwa namba yenye sehemu. Onyo likatoweka, na majibu yakalingana na daftari, ukurasa kwa ukurasa.

Mama alituletea samaki na sombe, mboga ya majani ya muhogo, palepale, maana baba alikuwa ameshauliza kama kuna maonyo mengine. Yalikuwapo mawili. Tuliyasoma yote tukila.