Ujumbe Niliotumwa kwa Bi Riziki

Juma lililopita mzazi wa mwanafunzi mmoja wa darasa ninalolifundisha aliniletea zawadi ya sabuni ya mwani, ya zile zinazotengenezwa na akina mama wa kwetu Kibuyuni. Niliipokea kwa mikono miwili, nikashukuru, nikaitia mkobani. Nilipofika nyumbani na kuufungua mkoba, harufu ilinijia usoni: chumvi, na kitu kibichi kilichoachwa juani kikakaribia kuoza. Hapa Kwale mlimani bahari huioni ila kwa mbali, siku za mbingu safi. Lakini jioni ile nilikaa kitandani na sabuni mkononi nikiwa mtoto wa miaka tisa, nimelowa hadi kiunoni, natetemeka, na nimesema uongo.

Niwaeleze kwanza mwani unavyolimwa, maana mkilijua hilo ndipo mtakapoujua ubaya wangu. Unapigilia vigingi kwenye mchanga wa baharini, unakaza kamba toka kigingi hadi kigingi, na kwenye kamba unafunga vipande vidogo vya mwani, kimoja kimoja, kwa uzi. Kamba hukazwa na watu wawili, mmoja huku na mmoja kule. Mama yangu alikaza zake na rafiki yake Bi Riziki, na Bi Riziki akikaza zake na mama. Mashamba yao yalipakana, na wote wawili walikuwa waongeaji, kwa hivyo kazi ya saa moja waliifanya kwa saa mbili. Mwani huvunwa maji yakitoka sana tu, siku za bamvua; ukiyakosa, unangoja. Na kulikuwa na desturi ambayo hakuna aliyeiandika na hakuna aliyeivunja: mwani ulio kwenye kamba ni wa mwenyewe, huugusi bila ruhusa yake hata ukiona unaharibika. Ukikatika ukatupwa pwani, ni wa atakayeuokota.

Mwaka ule masika yalichelewa. Kwa siku kadhaa bahari ilikuwa imelala, haina hata kiwimbi, na joto lilitushinda hata kula. Kisha siku ya Ijumaa, baada ya swala, upepo ulikatika kabisa. Upande wa kusini, kule Pemba, lilisimama wingu moja refu, jeusi kama sufuria ya kuni, na kwenye mwamba wa nje, kupita kisiwa cha Wasini, tukaanza kusikia mngurumo ingawa maji yaliyo mbele yetu yalikuwa shwari. Hewa ya baridi ilipita mara moja, vinyweleo vikanisimama, ikaondoka. Bandani kwa wakulima mtu mmoja alisoma ujumbe wa utabiri kwenye simu: upepo mkali wa kusi na mawimbi makubwa kuanzia Jumamosi alasiri. Akina mama walitazamana. Maji ya Jumamosi asubuhi ndiyo yaliyokuwa yamebaki.

Bi Riziki hakuwepo bandani. Binti yake alikuwa amekuja kujifungua kwake, na yeye alishinda ndani na mzazi na kichanga, mwisho kabisa wa kijiji, mashambani, mbali na pwani. Hakuna mwingine aliyejisumbua kumpelekea habari. Kila mtu alijua kwamba likimfika mama, limemfika Riziki.

"Mishi," mama akaniambia, "kimbia kwa mama yako Riziki. Simu yake haipatikani. Mwambie kusi laja, kesho alfajiri tukavune sote. Na usipite popote."

Nilipita. Kwa akina Fatuma wasichana walikuwa wamekaa chini wanacheza mdako, na msinicheke, mimi nilikuwa bingwa wa mdako wa mtaa mzima. Nilisema nitarusha mara moja tu. Mkono wangu siku ile ulikuwa mwepesi ajabu. Kokoto lilipanda, likashuka, nikalidaka, na kila nilipotaka kuinuka kulikuwa na mtu aliyetaka kunishinda. Nilichokisikia baadaye ni adhana ya magharibi. Kwetu mtoto wa kike adhana hiyo haimkuti nje. Nilikimbia, lakini nilikimbilia nyumbani.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Kasema nini?"

Hapo ndipo ningeweza kuokoka. Badala yake nikatia chumvi. "Kasema ahsante, atakuja. Na anakusalimu sana."

"Wa alaikumu salaam," mama akajibu, akaendelea kukuna nazi.

Asubuhi ilikuwa ya baridi ambayo sijaiona tena pwani. Maji yalikuwa yametoka mbali, rangi ya kijivu, na upepo mdogo wa kusini ulitupiga mgongoni bila kupumzika. Tulivuna tukijaza magunia, vidole vimekufa ganzi, na mama kila akiinua kichwa alitazama nchi kavu.

"Kasema atakuja?"

"Kasema."

Mashamba ya wenzetu yalikuwa yakibaki kamba tupu. La Bi Riziki lilikuwa limejaa, mwani mzito, tayari kabisa. Mama alilisogelea, akashika kamba ya kwanza, akaiachia. "Kwa kuwa kasema yuaja," akasema, "acha aje mwenyewe." Nilikuwa na miguu, nchi kavu ilikuwa pale, na muda ulikuwepo wa kwenda mbio kumwita. Niliinama nikafungua nyuzi. Nilimwogopa mama kuliko nilivyomhurumia Bi Riziki, na hilo mpaka leo linaniumiza. Maji yalianza kurudi, yakatufika magotini, yakatufika kiunoni, tukatoka.

Kusi liliingia alasiri kama lilivyosemwa. Mvua ilikuja imelazwa na upepo, minazi ikainama upande mmoja, na mwamba ulinguruma hadi kulipokucha. Jumapili upepo ulipolegea, pwani nzima ilikuwa imefunikwa na mwani. Watoto walifurahi. Tulishuka na ndoo na karai tukaokota tukisukumana, nami nilikuwa wa kwanza kujaza ndoo yangu, kabla sijaona mtu aliyeinama kando yetu. Alikuwa Bi Riziki. Alikuwa akiokota mwani wake mwenyewe, kipande kwa kipande, katikati ya watoto, kwa kuwa sasa ulikuwa wa kila mtu.

Mama akamwendea. "Riziki, mbona hukuja? Nilikutumia mtoto."

"Mtoto gani?"

"Mishi. Ijumaa jioni."

Bi Riziki aliniangalia. Hakukasirika; aliniangalia kwa utaratibu, kama mtu anayesoma. "Mishi hajafika kwangu," akasema. "Nami nilikaa na moyo wangu umetulia, nikisema lolote likitokea, Mama Mishi ataniambia."

Watu walikuwa wameacha kuokota. Mama akanigeukia. "Ulimwambia, hukumwambia?"

"Nilimwambia."

"Mwanangu hasemi uongo," mama akasema, na alisema kwa sauti ya kusikika.

"Haya," Bi Riziki akajibu. "Basi mwongo ni mimi." Akafunga kanga yake vizuri, akachukua karai lake likiwa nusu, akapanda zake.

Tangu siku hiyo walisalimiana, wakajibizana, wakapitana. Mama alinifundisha mimi kushika upande wa pili wa kamba. Nilijivuna kwa kazi hiyo, ila nilishangaa kwa nini tuliimaliza upesi na kwa nini haikuwa na mazungumzo. Mwaka uliofuata Bi Riziki aliacha mwani, akahamia Msambweni kwa binti yake. Mimi nilijiambia kwamba kosa langu lilikuwa mwani tu, na mwani, ukifunga vipande vipya, baada ya wiki chache umeota. Nilikua na faraja hiyo. Nilikwenda chuo nayo.

Mama alifariki mwaka jana, sijamwambia. Kila likizo nilikuwa nikisema safari hii, na kila likizo nilimkuta anafurahi kuniona.

Bi Riziki alikuja matangani, amezeeka, anashikiliwa mkono na mjukuu ambaye ndiye aliyekuwa kile kichanga. Siku ya tatu nilimkuta peke yake uani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikakaa chini miguuni pake nikamweleza yote, mdako na adhana na salamu nilizozitunga.

"Nalijua hilo, mwanangu," akasema. "Nalijua palepale pwani. Mtoto akitumwa husahau, hata wangu walisahau. Sikukukasirikia wewe."

"Basi mbona uliondoka?"

"Nilimngoja mama yako. Mbele ya watu asingeweza kukuvua nguo, mtoto wake wa pekee, hilo nalielewa. Nikasema atakuja nyumbani, bila wewe, aniulize mimi na yeye tu. Nilingoja mwaka mzima."

Alinishika kichwa akanipapasa, nikalia kilio ambacho waliokuwa ndani walidhani ni cha msiba tu. Mama hakwenda. Hakuwa na kiburi, na nyumba ya Bi Riziki haikuwa mbali kiasi cha kumshinda. Lakini kwenda kumwuliza kungekuwa kunishuku mimi, na mama yangu hakunishuku hata siku moja.