Deli la Barafu Lililokwenda kwa Tembo

Kosa langu la kwanza lilikuwa kukihifadhi kilengeo cha bunduki ndani ya deli la barafu. Mama yangu anauza samaki Lindi mjini, na nyumbani kwetu Mitwero chochote kinachoogopa joto huingia delini. Mwaka jana Daktari Somoe, tabibu wa wanyamapori, alitumia kilengeo hicho nilichokikarabati kwa ujuzi wa kujifundisha mwenyewe. Alimlenga tembo mwenye waya wa mtego mguuni, sindano mbili za usingizi zikapita juu, tembo akatoweka na waya wake. Wiki nzima sikula vizuri. Aliponipigia simu kuniambia kwamba tembo ameonekana tena na mguu umeanza kuoza, nikafanya kosa la pili: nilidhani mara ile barafu haikutosha.

Alfajiri niliondoka Mitwero, deli limejaa.

Saa tano nikateremka Nangurukuru. Daktari alinipokea kwa gari na hakunilaumu hata kidogo, jambo lililonitia hofu zaidi.

Alasiri tukafika vilimani kwa mwenyeji wetu, Mzee Mbonde, mkulima wa mahindi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akafunua deli.

"Mjukuu wangu, hili ni jicho la bunduki au kichwa cha samaki changu?"

Yeye Mmatumbi, mimi Mmwera. Tulipojuana hivyo, utani haukukoma. Katikati ya kucheka akaeleza kwamba tembo yule, kwa maumivu, humkimbiza kila anayesogea shambani. Mahindi yanakaukia huko na hakuna anayethubutu kuvuna.

Kesho yake, saa kumi na mbili asubuhi, nilitoa kilengeo kwenye barafu, nikakifunga, nikapiga sindano za maji kwenye gunia la pumba mpaka zote zikaingia katika duara la kikombe. Saa tatu, wafuatiliaji wa Daktari wakiwa porini kumtafuta tembo, nikajaribu tena. Zilipanda shubiri nzima. Nikakirudisha delini, nikakitoa, kioo kikaota ukungu.

Mzee Mbonde alikuwa akimenya muhogo pembeni. "Tembo haishi delini," akasema. "Mbona jicho umelizoeza baridi?"

Nilikaa chini. Kitone chekundu cha kilengeo kile huchorwa na mwanga wa leza. Joto likibadilika, mwanga hubadilika kidogo na kitone huhama. Ndani mna kioo cha kuusahihisha, lakini kifaa hiki ni kikuukuu, hakisahihishi tena vizuri. Mimi nilikuwa nakirekebisha kikiwa baridi, kisha nakipeleka juani. Basi nikakiweka barazani kivulini nusu saa, kikapata joto la hewa, nikakirekebisha upya. Kitone kikatulia, ila vidole viwili kushoto. Nikaomba sindano moja zaidi ya majaribio, kisha nyingine.

Daktari akaichukua bunduki. "Mdogo wangu, paja la tembo ni pana kuliko wasiwasi wako."

Saa tano wafuatiliaji walitufikisha kwa tembo, Daktari akafyatua, sindano ikaingia pajani, vidole viwili kushoto. Wote walishangilia, mimi nilisononeka kidogo. Tembo alipolala, waya ukakatwa, kidonda kikaoshwa, kisha akaamka na kushika njia ya msituni akichechemea. Jioni Mzee Mbonde na mkewe walirudi na kapu la mahindi, na barafu yangu ikaishia kwenye maji ya ukwaju.

Siku ya tatu nilirudi Mitwero, nikamkabidhi mama deli lake.

Sasa kila kilengeo nakirekebisha nje, saa ileile kitakapotumika, baada ya nusu saa kivulini. Kosa likibaki vidole viwili tu, naacha.