Maji ya Kumwona Mutiso

Mwaka jana nikikaanga chapati hapa Mlolongo, binti yangu alinisogezea simu usoni akaniuliza, "Mama, si huyu ndiye mtu wako?" Nikatazama. Mwanamume mwenye kitambaa cheusi machoni na joho mgongoni alikuwa ananing'inia kwenye jabali, picha haina rangi, mikwaruzo inateremka kama mvua ya Novemba. Ndiye. Chapati iliungua mpaka majirani wa ghorofa ya juu wakaanza kubeba magodoro kuteremka. Basi, rafiki yangu, nikaketi kwenye debe la unga nikaangalia sehemu zote kumi na mbili bila kuinuka, ile ya mwisho nikiwa nimeingoja tangu nikiwa na miaka kumi.

Kwetu ni mbele ya Tala, ukiteremka kule ardhi inapoanza kuwa nyekundu na kali. Miaka ya tisini ilipoanza, padre mmoja mzee alirudi kwao ng'ambo akaacha kanisani mtambo wa sinema, jenereta, na makopo ya mikanda yaliyoandikwa namba. Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana madirisha ya ukumbi yalizibwa kwa magunia, shuka nyeupe ikatundikwa, na sisi tukajazana mpaka mabati yakatanuka. Watu walitoka vilima vyote. Nasema ukweli, hata mbuzi walikuwa wanajua ni siku ya sinema, walijichunga wenyewe.

Kiingilio kilikuwa maji. Lita tano kila kichwa, yamwagwe kwenye pipa la kitalu cha miche nyuma ya kanisa. Ukija na lita nne unarudishwa. Maji yenyewe tuliyachimba mchangani mtoni, unakwangua kwa kibuyu mpaka yajikusanye, hivyo mtu akikaa kwenye benchi kumtazama shujaa alikuwa ameshatoa jasho la kutosha kuwa shujaa mwenyewe.

Mwalimu wetu wa darasa la nne ndiye alikuwa anatafsiri. Alisimama kando ya shuka na fimbo yake, akampa yule Mzungu wa kinyago jina la Mutiso. Adui mkuu, mwenye masharubu, alikuwa Mnyapara. Kulikuwa pia na msichana anayetekwa kila wiki, huyo mwalimu alisema ni mtu wa Kangundo na ndiyo maana hasikii. Nilikuja kusoma Kiingereza ukubwani, ngumbaru, baada ya zamu ya kiwandani, na sasa nikisikiliza kwenye simu nagundua mwalimu hakutafsiri hata sentensi moja. Msichana anaomba apewe simu; mwalimu alituambia anasema, "Mutiso, kama huniposi, niache hapa hapa nife." Wanawake walikuwa wanalia.

Kila sehemu iliisha Mutiso akifa. Gari linatumbukia bondeni, nyumba inalipuka, taa inawashwa, nendeni nyumbani. Wiki nzima tukibishana. Jumamosi inayofuata wanarudia pale pale, lakini sasa wanaingiza kipande ambacho hakikuwepo: Mutiso ameruka nje kabla gari halijafika ukingoni. Wakubwa walilalamika kwamba tunadanganywa. Mwalimu aliwajibu bila aibu kwamba wiki iliyopita hawakuangalia vizuri. Mimi sikulalamika. Niliona ni jambo zuri kuliko yote duniani, kwamba mtu anaweza kurudia mambo yaliyokwisha, akaingiza kipande, na watu wakakikubali.

Sehemu ya kumi na moja, Mnyapara alimfungia Mutiso chumbani akafungulia bomba. Maji yakapanda magotini, kifuani, kidevuni. Ukumbi mzima ulinyamaza, na si kwa ajili ya Mutiso. Hatukuwa tumewahi kuona maji mengi vile mahali pamoja. Nyanya yangu, ambaye kwa Kikamba tunamwita Susu, alikuwa ameketi mbele yangu pamoja na jirani yetu, nikamsikia akimnong'oneza, "Haki, na huyo kijana analia. Si anywe tu."

Jirani alicheka mpaka akashika ubavu. Hao wawili walikuwa hivyo. Asubuhi jirani alikuja kukoka moto kwetu, jioni Susu alikuwa kwake wakitwanga mahindi ya muthokoi, kuyatoa maganda, kwenye kinu kimoja, mchi wa huyu ukipanda wa yule ukishuka, hadi ungedhani ni mtu mmoja mwenye mikono minne. Waliazimana chumvi, jembe, maji, hata viatu vya kanisani. Mama yangu alikuwa amefariki na baba alifanya kazi huku Mlolongo, machimboni, akija mwisho wa mwezi. Nililelewa na michi miwili, niseme hivyo.

Wiki ile mto ulikauka vibaya. Jumamosi ya sehemu ya mwisho nyumbani kulikuwa na mtungi mmoja, na ndani yake maji ya lita tano au sita tu. Susu alikwenda na kikundi cha akina mama kuchimba matuta kwenye shamba la mmoja wao, akaniambia nisiguse mtungi, ni ya kupikia na ya kunywa mpaka kesho. Nilikaa nikiutazama. Nikawaza chumba kilichojaa maji, na Mutiso ndani yake, wiki nzima hajapumua. Nikamimina yote kwenye kidumu changu nikakimbia.

Sasa sikiliza. Mwalimu alifungua kopo lenye namba kumi na mbili na ndani hamkuwa na mkanda. Kulikuwa na misumari. Alilitikisa, akatuangalia sisi mamia kwa mamia, maji yetu yakiwa yameshamwagwa kwenye pipa. Kisha akawasha taa ya mtambo, shuka ikawa nyeupe tupu, akasimama mbele yake na kivuli chake kikawa kirefu mpaka darini, akaanza kusimulia. Alicheza Mutiso, alicheza Mnyapara, alicheza hata bomba la maji. Saa mbili nzima. Niliyoangalia kwenye simu ni dakika kumi na tano, watu wanapigana ngumi za kubembelezana, Mutiso anavua kinyago na kumbe ana sura ya karani wa posta. Haifikii hata ukucha wa ile ya mwalimu.

Nikatoka pale nikiruka. Nyumbani hakukuwa na mtu, ila mtungi ulikuwa haupo.

Susu alikuwa amerudi na kiu ya matuta, akakuta mtupu, akaubeba mwenyewe kwenda mtoni. Shimo la mchanga alimokuwa anachota lilibomoka ukingo akaanguka ndani. Jirani ndiye alimtafuta, akamkuta, akaita watu, wakamleta kwa machela ya matawi. Nyonga ilikuwa imevunjika. Wakubwa walilia na mimi nikawashangaa. Moyoni nilikuwa na hakika, kabisa, kwamba Jumamosi ijayo tutaonyeshwa pale aliporuka.

Baba alifika kesho yake. Akauliza nani alimaliza maji. Nikaanza kumweleza tangu asubuhi, Susu ametoka, mimi nafagia, na nilipofika pale penyewe nikaingiza kipande. Nikasema jirani alikuja na ndoo akachukua yote, akasema Susu amemruhusu.

Kilikubaliwa mara moja. Kwa nini kisikubaliwe, alikuwa akiazima maji kila wiki. Siku hiyo hiyo jirani alileta uji kwenye chupa ya chai, baba akamzuia mlangoni. Alikana. Akasema, "Muulizeni mtoto vizuri." Wakaniuliza vizuri, nikarudia vizuri zaidi, nikaongeza na rangi ya ndoo. Kutoka kitandani Susu aliuliza ni nani huyo mlangoni, akaambiwa. Akageukia ukutani.

Alilala miezi saba. Hakutembea tena. Mchi mmoja ulisikika kwa jirani kila jioni, polepole, na Susu alikuwa akinyamaza mpaka ukome. Nilipanga kusema Jumamosi, kila Jumamosi. Kisha akafa, na jirani alisimama mazishini nyuma kabisa, kando ya uzio, kama mpita njia. Mwaka uliofuata mwanawe alimchukua akaenda kuishi naye Ekalakala.

Baada ya kuzima ile simu sikulala vizuri wiki nzima, nikaenda. Nilipitia nyumbani kwanza. Ukumbi sasa ni ghala la saruji. Miche tuliyoinywesha ilikuwa miti mikubwa ajabu, naambiwa ilikatwa yote ikawa makaa. Na mto, ndugu yangu, hata ule mchanga haupo, malori yameubeba yote, imebaki miamba mitupu. Ukitaka kuchimba maji pale utachimba kwa meno.

Ekalakala nilimkuta uani akichambua mbaazi kwenye ungo, ameinama sana, macho mazima. Alinijua kabla sijajitambulisha. Nilimsimulia yote, maji, kopo la misumari, ndoo ambayo haikuwepo. Nilipiga na mzaha mmoja au miwili katikati kwa vile sijui kusema mambo namna nyingine. Hakucheka. Vidole havikusimama kwenye mbaazi.

"Umetoka Mlolongo kuja kuniambia hayo?" akauliza.

Nikasema ndiyo, mama.

"Mimi nilikuwa najua sikuchukua maji. Hiyo hukuwa na haja ya kuniambia." Akatupa ganda moja nje ya ungo. "Nyanya yako ndiye nilitaka aambiwe."

Kisha akamwita mke wa mwanawe kutoka jikoni, akamwambia aniletee kikombe cha maji, safari yangu ni ndefu.