Ufunguo Ulioenda Sokoni na Mbuzi

Jamani, leo nimemkimbilia mbuzi ambaye mimi mwenyewe nilisema auzwe!

Ufunguo wa sanduku langu la spana ulishanipotea mara mbili. Nikaufunga kwenye kamba ya shingoni mwa mbuzi wetu. Mbuzi kila jioni anarudi nyumbani. Akili, sivyo?

Leo asubuhi akaja mzee kutoka Wenje na pampu iliyozima. Migomba yake inakauka.

"Mbuzi yuko wapi?" nikamuuliza mke wangu.

"Si ulisema nimuuze? Nimetoka sokoni sasa hivi. Lakini Baba Rehema, ngoja..."

Ningoje nini! Mbio mpaka soko la mifugo Garsen. Mbuzi huyo ndani ya lori, ananitazama tu.

Shingo tupu.

Nikarudi nimelowa jasho. Mzee anacheka mpaka machozi.

"Fundi, huuzwa mbuzi. Kamba hurudi nyumbani. Umesahau?"

Kamba hiyo hapo mlangoni, mke wangu keshaanikia leso! Ufunguo unaning'inia.

Pampu imenguruma, mzee kaondoka anaimba.

Ufunguo sasa kauvaa Mama Rehema shingoni. Anasema yeye haendi sokoni kuuzwa.

Haya, chekeni.