Kibuyu Nilichokiosha kwa Sabuni

Nyanya yangu wa Kiptere alikuwa mzee kiasi kwamba wawili kati ya watoto wake walishakufa kwa uzee, naye bado akichuma majani chai yake mwenyewe. Kila asubuhi alijaza kibuyu mursik, maziwa yetu ya kugandisha, akashuka bondeni, akavuka mto na kupanda kilima cha pili kwa rafiki yake wa rika moja. Huko walikunywa, wakala ugali wa wimbi na mboga chungu, wakawasengenya wakwe zao mpaka wakachoka kucheka.

Mwaka wa tisini na tatu nilirudi kutoka chuoni na cheti cha lishe, nikiringa kweli. Nilichungulia ndani ya kibuyu nikaona weusi mtupu. Ulikuwa mkaa wa senetwet, mti ambao akina mama wetu huuchoma na kusugulia kibuyu ndani ili maziwa yakae siku nyingi. Nililijua hilo tangu utotoni. Hata hivyo, nyanya akiwa shambani, nilichemsha maji nikakisugua kwa sabuni ya unga mpaka kikang'aa. Nilitarajia shukrani.

Alikinusa, akakichungulia ndani.

"Mtoto yangu, hii sasa iko na harufu ya sabuni. Nitaenda kwake na nini?"

Nilimwambia kilima kile hakikuwa cha umri wake, apumzike, maziwa ya pakiti yapo. Alipozidi kunitazama nikaahidi kumletea kibuyu kingine siku ya soko. Siku za soko zikapita, nami nikawa na shughuli zangu. Yeye aliona haya kwenda mikono mitupu, na hakuniuliza tena. Alikaa kwenye kigoda jikoni, miguu ikavimba, chakula kikamshinda. Tulimzika kabla mahindi hayajakomaa.

Rafiki yake alikuja mazishini kwa miguu, kibuyu begani. Nilitaka kumtafutia gari la kumrudisha, akakataa. Akanishika mkono, akanivuta kando.

"Aliacha kuja kwangu," akasema. "Nilimkosea nini?"

Nilimjibu kwamba miguu ilikuwa imemkataa. Akaitikia kwa kichwa, akanimiminia kikombe cha mursik, akasimama palepale kuhakikisha nimekimaliza. Nilikunywa chote, na ukweli sikumwambia.